Mwaka Tuliopoza Giaboksi

Msiba ulikuwa Pangani, Pangani hii yetu ya Kibaha. Nasema mapema kwa sababu kila nikiitaja watu hunipa pole ya safari ya Tanga. Nilipofika, turubai lilikuwa limeshafungwa, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki, makochi yametolewa nje na sebuleni wamejaa wanawake juu ya mikeka. Mama Elinami alikuwa katikati yao, kajitanda khanga, macho makavu. Aliponiona alisema tu, "Mwalimu, umekuja," akanivuta nikae ubavuni mwake, na mkono wangu hakuuachia mpaka chai ilipoletwa. Nilikaa pale karibu siku nzima. Nyuma ya nyumba wapishi walikuwa wanagombana juu ya sufuria la wali lililotaka kuungua, watoto wanafukuzwa, simu zinalia, na mimi taratibu nikatoka pale bila kusimama. Nikarudi Sofu, mtaa mwingine wa Kibaha, kwenye chumba changu cha kwanza cha kupanga, mwaka ule nilioajiriwa, mwaka ambao mimi na marehemu na mkewe tulihangaika na jambo moja tu: kuipoza oili ya giaboksi ya kigari chao.

Siku ya msiba kila marehemu huwa mpole. Baba Elinami hakuwa mpole, na sitamsingizia upole leo ambapo hawezi kunikatalia. Alikuwa mbishi wa kubishana hata na redio, tena redio ikinyamaza anaona ameshinda. Alikuwa ameendesha malori makubwa miaka mingi, njia ya Tunduma na kurudi, mpaka siku jeki ilipoteleza akiwa anabadili tairi, goti la kushoto likasagika. Madaktari walilitengeneza kadiri walivyoweza. Alitembea kwa kuchechemea, lakini kulikunja goti lile na kulikandamiza hakuweza tena, na kwa dereva wa lori mguu wa kushoto ndio mguu wa klachi. Nilipohamia pale alikuwa na muda mrefu hajashika usukani. Kutwa alikaa barazani, mguu juu ya kigoda, na upepo ukivuma kutoka barabara kuu aliyasikia malori yanavyopanda, akawa anayasema: "Huyo kachelewa kubadili gia. Msikie! Anaua mashine ya watu." Chai aliinywa kwa kuimimina kwenye kisahani, akipuliza, sikio liko barabarani. Asubuhi nikienda shule namwamkia, mchana nikirudi namkuta palepale, na marahaba ya mchana ilikuwa ndogo kuliko ya asubuhi.

Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa. Ukikohoa chumbani kwako, mtu wa chumba cha tatu anakwambia pole. Kwa hiyo sikuhitaji umbea kuyajua mambo ya wenye nyumba. Yalinijia yenyewe kitandani, pamoja na harufu ya machalari ya Jumapili, ambayo Mama Elinami aliyapika kwa ndizi alizotumiwa kutoka kwao Kilimanjaro na hakukubali mtu amwambie ndizi za Pwani nazo ni ndizi. Kazi yake ilikuwa kuchuuza maziwa. Aliyafuata Mzenga, vijijini kabisa upande wa Kisarawe, kwa mfugaji aliyeitwa Lazaro, Mmasai aliyehamia huko na ng'ombe wake kutoka Arusha, akaja kuyauza kwa akina mama wa migahawa ya Kibaha. Magari alikuwa anakodi. Halafu siku moja, baada ya vikoba vingi na ubishi ambao niliusikia wote kupitia juu ya ukuta, kikaingia uani kibasi kidogo cheupe cha Kijapani kilichoendeshwa na kijana wa kukodi. Baba Elinami alichechemea mpaka mlangoni pa gari, akainama kuchungulia miguuni pa yule kijana.

"Klachi iko wapi?"

"Haina," akasema Mama.

"Gari gani halina klachi?"

"Otomatiki. Wewe una mguu mmoja mzima, na lenyewe linataka mguu mmoja. Mnafaana."

Akasema hilo si gari, ni kiti cha wagonjwa kilichotiwa injini. Akasema gia ni jambo la mtu kuamua mwenyewe, si la kuliachia sanduku la chuma likuamulie. Alipomaliza kusema akapanda, akaitupa fimbo yake kiti cha nyuma, akaondoka peke yake, na hakurudi mpaka Mama alipoanza kutoka nje kutazama njia. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema ni vumbi. Mvua za vuli zilikuwa zinanyesha wiki ile na hapakuwa na vumbi hata la kumpigisha mtu chafya, lakini hakuna aliyembishia. Tangu siku ile kigoda kikawa cha wageni.

Haukupita muda rejeta ikaanza kuvuja. Fundi Shomari, ambaye alikuwa na gereji ya mabati si mbali na stendi, akatafuta nyingine iliyotumika, akaifunga siku hiyohiyo, maji yakaacha kudondoka, tukashukuru. Shida yetu iliingia pale, ila iliingia kimyakimya, haikubisha hodi. Mjini gari lilikwenda vizuri. Jumamosi na siku za likizo nilikuwa nafuatana nao Mzenga, eti kusaidia kubeba madumu. Ukweli ni kwamba nilipenda. Tunakwenda mpaka Mlandizi kwa lami, kisha tunaiacha na kuingia njia ya udongo, mchanga mwingi, vilima vifupi vifupi vinavyofuatana, mihogo na mikorosho huku na huku. Kwenda, gari likiwa tupu, hapakuwa na neno. Kurudi, madumu yamejaa na jua limeshakuwa kali, kwenye kilima kimoja kirefu kuliko vyenzake, injini ikanguruma kwa nguvu zote na gari lisiende. Lilikuwa kama mtoto aliyetumwa dukani akaitika "abee" na asinyanyuke.

Baba Elinami alilisogeza pembeni chini ya mkorosho. Kwenye dashibodi mshale wa joto ulikuwa umelala katikati, hauna habari. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Oili ile ikiwa nzima huwa nyekundu kama sharubati ya rozela. Hii ilikuwa ya kahawia na ilinuka kitu kilichoungua. "Injini imepoa, giaboksi inachemka," akasema kwa sauti ya chini, kama anayezungumzia mgonjwa aliye chumba cha pili. Tukangoja. Mama akatoa muhogo wa kuchoma aliopewa na mke wa Lazaro, tukala. Jua lilipolegea, akawasha, akaweka gia, na gari likapanda kilima kama halijawahi kukikataa.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila safari ya Mzenga, wakati wa kurudi, tulisimama chini ya mkorosho ule kulipumzisha gari. Baba Elinami alidai amelizoea: kabla ya kilima kulikuwa na tetemeko dogo alilolisikia kwenye nyonga, likija tu anajua limefika kikomo. Lazaro alipoelezwa hakuona ajabu yoyote. "Punda akichoka hapigwi, Mzee," alisema, "anatafutiwa kivuli." Tukalitafutia kivuli. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, hajui kukaa kimya, kwa hiyo kupoa kwa giaboksi tukawa tunakupima kwa tenzi. Siku ya mawingu tenzi chache zilitosha. Siku ya jua kali tulimaliza alizozijua, tukarudia, na mimi Mkatoliki nikajikuta nimeshika sauti ya pili. Baba Elinami hakuimba. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, mguu ameunyoosha, akigusa chini ya gari kwa ncha ya kidole mara kwa mara na kutoa taarifa: "Bado." Siku moja Mama, kwa kuchoka na hizo bado, akalowesha khanga yake kwenye maji ya kunywa, akajipenyeza chini na kuufunga mpira mmoja aliouona ukiunganisha paipu za oili, kama afungavyo mtu kichwa kinachouma. Kukatoka mvuke na harufu ya nguo iliyopigwa pasi. Baba Elinami alifoka, "Mama Eli, unapika?" Khanga ile iliachwa palepale ilipofungwa, na ilianguka njiani kabla hatujafika Mlandizi. Ilikuwa mpya. Mama aliisema mpaka Krismasi.

Nikikumbuka sasa naona kwamba chini ya mkorosho ule ndipo nilipowafahamu. Nyumbani walikuwa na mambo ya nyumbani: maji, umeme, mpangaji wa chumba cha mwisho. Pale hawakuwa na pa kwenda. Mama alimsimulia mumewe watu waliokufa huko kwao zamani. Yeye akamsimulia mkewe mabonde aliyoshuka usiku na lori lililojaa, mambo ambayo nadhani hakuwahi kuyasema kwa sababu alikuwa hayupo nyumbani kuyasema. Mama alisikiliza huku anamenya muhogo, kisha anauliza swali moja, siku zote lilelile: "Na ulikuwa umekula?" Nilikuwa na umri wa kudhani mapenzi ni barua na kadi za maua. Nilikaa kwenye nyasi nikasikia mzee mwenye ndevu za mvi anajibu kwa upole kabisa kwamba ndiyo, Makambako alikula.

Tatizo ni kwamba maziwa hayangoji tenzi. Yalikamuliwa alfajiri, na kila tulipopumzisha gari yalikaa kwenye joto. Mwanzo yalifika yakiwa yanajikaza. Januari ilipoingia na jua lake, na oili ikazidi kuharibika, mapumziko yakawa mawili, halafu matatu, na akina mama wa migahawa wakaanza kuyachemsha mbele ya Mama Elinami kabla hawajayapokea. Maziwa mabichi yaliyokaribia kuharibika hayakwambii kwa macho wala kwa pua. Ukiyachemsha ndipo yanakatika, yanakuwa mabonge na maji. Nilikuwepo siku yalipokatika kwenye masufuria mawili tofauti. Yule mama wa mgahawa hakuwa na ubaya. Alisema, "Mama Elinami, dada yangu, mteja wangu anataka chai, hataki jibini." Tukageuza yaliyobaki kuwa mtindi, tukala mtindi na ugali, mtindi na viazi, mtindi na mtindi. Majirani waliupokea kwa furaha, kisha kwa shukrani, kisha wakaanza kuniona kwa mbali na kuingia ndani.

Asubuhi moja, kabla sijaamka vizuri, nikasikia upande wa pili wa ukuta Mama anaongea taratibu.

"Baba Eli, tuliuze. Tukimaliza Pasaka tuliuze wakati bado linatembea."

Kitanda chao kikalia, mtu akijigeuza; Mama akaendelea.

"Nitarudi kukodi. Maziwa ndiyo yanayotulisha. Lingine la namna hii hatutaliweza tena, na giaboksi ikifa barabarani hata la kuuza hatutakuwa nalo."

"Uza," akasema. "Ni gari lako."

"Usinisemeshe hivyo. Nililinunua kwa ajili ya nani?"

"Mama Eli, mimi barazani pale nilikuwa nakufa. Sikukwambia kwa sababu ungefanya nini? Nilikuwa nakaa nasubiri mchana uishe. Uza gari. Lakini ujue unanirudisha wapi."

Nilivuta shuka mpaka usoni. Nikamsikia Mama anatoka kuwasha moto, akipuliza makaa kwa nguvu kuliko yalivyohitaji. Siku ile shuleni niliwafundisha watoto sehemu za ua na akili yangu yote iko kwenye kile kigoda barazani. Niliwapenda wazee wale, na sikuwa na la kuwasaidia. Jioni Mama alimwambia mumewe arudi kwa Shomari akaulize, mficha uchi hazai. Baba Elinami akasema Shomari ni fundi wa injini, na injini haina ugonjwa. Kisha akaongeza, na hapa nilisikia dereva wa malori anameza kitu kichungu, kwamba na yeye mwenyewe haijui giaboksi ile, ameibeza tangu siku ya kwanza na hajawahi kuitazama vizuri.

Jumapili ya Mitende Mama aliniomba nimsaidie kubeba sufuria la chakula cha wageni kanisani kwao, kwani kwaya kutoka Dar ilikuwa imealikwa. Wageni walikuja na vibasi, na kimoja kilikuwa pacha wa cha kwetu, hata rangi. Ibada ilipokwisha, watu wametoka na makuti mikononi wanasalimiana, nikaona miguu miwili imetokeza chini ya pacha yule wa wageni, aliyekuwa amerudi sasa hivi kutoka stendi, mmoja umekunjwa, mmoja umenyooka. Viatu nilivijua. Suruali ilikuwa ya suti, suti yenyewe ile moja. Watu wakaanza kukusanyika. Dada mmoja akasema labda mzee ameanguka, mwingine akasema aachwe, huenda anaomba. Mchungaji akaja, akainama na kanzu yake.

"Baba Elinami, umepoteza nini huko?"

"Joto, Mchungaji," sauti ikajibu kutoka chini. "Hili gari linapoteza joto. La kwangu halipotezi. Mama Eli yuko wapi? Mama Eli, njoo ushike hapa!"

Na Mama Elinami, mwimbaji wa sauti ya kwanza, akiwa na joho la kwaya, akapiga magoti kwenye mchanga wa uwanja wa kanisa akapenyeza mkono. Nami nikapenyeza wa kwangu. Kulikuwa na paipu mbili nyembamba za chuma zinazotoka kwenye giaboksi kwenda mbele. Moja ilikuwa ya moto hata huwezi kuishika. Ya pili, ile inayorudi, ilikuwa vuguvugu tu, kama chai ya mtu aliyepitiwa na maongezi. Baba Elinami alikuwa amelala chali, makuti yamemnasa kwenye nywele, anacheka peke yake. Za kwetu, alisema, zote mbili zinaunguza sawasawa. Oili inakwenda ikiwa na moto na inarudi na moto uleule. Swali ni kwamba hizi za wageni zinakwenda wapi huko mbele. Akajivuta kwa viwiko kuzifuata mpaka mwisho, na mwisho wake ulikuwa chini kabisa ya rejeta, zimeingia humo ndani ya maji, moja huku, nyingine kule.

Jumatatu alikuwa kwa Shomari kabla Shomari hajafungua. Nilikuwa likizo, nikamfuata. Alitegemea angelazimika kubishana, lakini Shomari alifungua boneti, akatazama kazi yake mwenyewe, akajikuna kichwa.

"Ah, Mzee. Hii ngoma, rejeta hii, ni ya gari la gia za mkono. Haina matundu ya oili ya giaboksi. Ya otomatiki ilikuwa haipatikani kipindi kile, na wewe ulikuwa unataka gari siku ileile. Nikaziunganisha paipu zenyewe kwa zenyewe kwa kampira, oili isimwagike. Tunafanya hivyo wengi."

"Kwa hiyo oili inatoka kwenye giaboksi."

"Inatoka."

"Inapita kwenye kampira."

"Inapita."

"Inarudi kwenye giaboksi. Na moto wake."

"Na moto wake," akakubali Shomari.

Nilifumba macho nikingoja ngurumo. Badala yake Baba Elinami akaketi juu ya tairi bovu, akacheka mpaka akashika goti. "Mwanangu, wewe umempokea mgonjwa, umemzungusha uani, ukamrudisha nyumbani, ukasema ametibiwa." Shomari naye akacheka, kwa kuwa alikuwa kijana muungwana, na mpaka leo sijamwekea kinyongo, aliulizwa kuhusu maji, akajibu kuhusu maji. Rejeta yenyewe inayotakiwa ilikuwa bado ya kutafutwa mbali. Ila nyuma ya gereji palikuwa na gari kubwa lililokwishakufa, na mbele yake palikuwa na rejeta ndogo ya oili, nyembamba, yenye mapezi, isiyotumia maji bali upepo. Shomari akaieleza kwa mikono: oili ikitoka na moto inapita humu polepole, inatandazwa, upepo wa safari unaipuliza, inarudi imepoa. "Kama kisahani," akasema Baba Elinami, na kuanzia hapo hakuhitaji kuelezwa tena. Wakaiosha, wakaifunga mbele ya rejeta ya maji, wakaimwaga ile oili iliyoungua na kutia mpya, nyekundu. Mwishoni Shomari akamuuliza, kwa woga kidogo, kama akiteremka mlima huwa anatia nyutro, gari lishuke bila gia. Bila shaka alitia. Maisha yake yote aliteremka hivyo kuokoa mafuta. Shomari akamwambia otomatiki haitaki, inapoteremka hivyo oili haizunguki vizuri ndani. Hilo lilimuuma kuliko habari ya kampira.

Tulikwenda Mzenga Jumamosi ya kuamkia Pasaka, watatu sisi. Mama hakuwa ameondoa neno lake: gari likisimama leo, Jumanne linauzwa, na mnunuzi alikuwa ameshaonekana. Alikaa kiti cha mbele kushoto na kila mteremko ulipokuja alimpiga mumewe kibao cha mkono uliokuwa unanyemelea gia. "Mkono!" Lazaro alitujazia madumu yote, na la ziada kwa ajili ya sikukuu, kwa hiyo tulirudi tukiwa wazito kuliko siku zote. Jua lilikuwa limepanda. Kilima kile kilipotokea, Baba Elinami alikaa sawa kama anayeitwa jina, akashusha gia moja, akakanyaga mafuta taratibu. Nilisikia injini inapandisha sauti, nikangoja ile sauti ya mtoto anayeitika bila kunyanyuka. Haikuja. Mkorosho ukatujia upande wa kushoto, ukapita, ukawa nyuma yetu, na tukatokea juu kilimani ambako, kwa miezi yote ile, hatukuwahi kufika na mzigo bila kusimama. Mama alikuwa amefumba macho. "Fumbua," mumewe akamwambia. "Umeshapita."

Lakini Mama hakutaka kusherehekea kilima. Alitaka maziwa. Tulipofika Sofu hakwenda kwa wateja kwanza; aliteremsha dumu moja, akawasha jiko, akamimina maziwa kwenye sufuria, na sote watatu tukasimama kuitazama sufuria ile. Baba Elinami alikuwa ameegemea fremu ya mlango, fimbo ameisahau garini. Ukiyatazama maziwa hayachemki, nilijua, na bado hatukuweza kutazama pengine. Mapovu madogo yakaanza pembeni. Mama akachota kwa kijiko, akaangalia, akarudisha. Yakatulia, yakajikunja utando, kisha yakavimba yote kwa pamoja, meupe, laini, bila bonge hata moja, yakapanda mpaka ukingoni, na kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekumbuka kuyaepua, yakamwagika na kuzima moto. Jiko likajaa moshi na harufu ya maziwa yaliyoungua. Mama alikuwa analia na kufuta jiko kwa wakati mmoja. "Haliuzwi," alisema, amempa mumewe mgongo. "Umesikia? Haliuzwi." Baba Elinami, mbishi yule, aliiacha fremu ya mlango. Aliingia jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona, akachukua kitambaa kingine akaanza kufuta naye, vibaya sana.

Mwisho wa mwaka nilihamishwa shule. Wao wakajenga Pangani, wakahama, na tukaendelea kutembeleana kwa miaka, kila nikija Baba Elinami ndiye anayenipokea stendi. Aliendesha mpaka miezi michache kabla ya kulazwa.

Siku ya mazishi, dereva wa gari la kuleta mwili alipopiga simu kuwa yuko Maili Moja anakaribia, vijana waligundua kwamba njia ya kuingilia uani imezibwa. Kibasi kilikuwa pale alipokiegesha mwenyewe mara ya mwisho, cheupe kilichogeuka rangi ya maziwa ya chai, na hakuna aliyethubutu kukaa kwenye kiti chake cha dereva. Elinami, binti yao mkubwa, akasema basi lisukumwe. Vijana wakavua makoti. Mama Elinami akasikia kutoka sebuleni. Mjane huwa hanyanyuki mkekani hovyo, na alipotokea mlangoni wanawake wote wakatoka nyuma yake wakidhani amezidiwa.

"Halisukumwi," alisema. "Gari zima halisukumwi. Mwalimu, wewe unaendesha. Lisogeze."

Nikapanda. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma sana, kwa ajili ya goti. Kabla sijawasha, mlango wa kushoto ukafunguka, Mama Elinami akapanda na khanga zake za msiba, akakaa mahali pake, akafunga mlango kwa kuuvuta mara mbili kama unavyotaka. Watu wote wamesimama wanatutazama. Nikawasha, likawaka. Nikaweka gia, nikaachia breki, na kabla sijagusa mafuta gari likaanza kwenda lenyewe, polepole, bila kishindo, kama yanavyokwenda magari ya otomatiki. Mama aliweka kiganja juu ya dashibodi.

"Unaona?" akaniambia. "Bado lina nguvu." Na hapo ndipo alipolia.